Sumu ya nyumbani kwako, umeitupa wapi?

MPENZI msomaji, kabla hujaenda mbali na ukurasa huu, chukua kalamu na karatasi uzunguke nyumba yako. Anza jikoni, chini ya sinki. Ingia chooni, kisha chumba cha kulala, uiname utazame chini ya kitanda. Malizia stoo, au pale nyuma ya nyumba unapoweka jembe na bomba la kunyunyizia dawa. Andika kila kitu ambacho usingependa mtoto wa miaka miwili akitie mdomoni.

Kama wewe ni mkazi wa mji wa Meru, iwe ni Makutano, Gitimbine, Kaaga au Majengo, nadhani naweza kuikisia orodha yako kabla hujanionyesha. Mafuta ya taa nusu chupa. Jik. Dawa ya panya. Mkebe wa dawa ya mbu uliokwisha. Mawe ya tochi manne yaliyovuja. Vidonge vilivyobaki mtoto alipougua mwaka juzi. Simu mbili zisizowaka. Taa iliyoungua. Rangi iliyosalia nyumba ilipopakwa. Na kwa kuwa wengi wa wakazi wa mji huu wana shamba Nkubu, Kibirichia, Mikinduri au Maua, pana pia chupa ya dawa ya kahawa, ya viazi au ya kuogeshea ng'ombe.

Sasa nakuuliza: vitu hivi vikiisha au vikiharibika, wewe huvitupa wapi?

Najua majibu. "Jaani." "Chooni." "Nachoma." "Nazika nyuma ya nyumba." "Humpa kijana wa mkokoteni." Hayo ni majibu ya watu wasafi wanaozipenda nyumba zao. Hata hivyo, yote yana kasoro moja. Hakuna hata moja linaloiondoa sumu. Yanaihamisha tu kutoka kwako hadi kwa mwingine, na si ajabu huyo mwingine akawa ni wewe mwenyewe baada ya miaka michache.

Ikiondoka huenda wapi?

Mji wa Meru umejengwa mtelemkoni. Maji yanayotoka upande wa Mlima Kenya yana njia moja tu, nayo ni ya kuteremka. Mto Kathita hupita mjini, ukashuka hadi Tharaka na kuingia Tana, na Tana huyamwaga maji yake Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Kwa hivyo mafuta machafu ya gari uliyomwaga kwenye mtaro wa Makutano hayakai Makutano. Mvua ya Aprili au ya Novemba ikinyesha husafiri. Huko chini kuna mama aliyeinama na mtungi wake, naye hajui jina lako wala gari lako. Ndugu zetu wa Embu nao wana mto wao, Rupingazi, na maji yake pia huishia Tana.

Choo cha shimo nacho si mwisho wa safari. Dawa utiayo humo hupenya udongoni polepole, na kama pana kisima chini yake, cha kwako au cha jirani, siku moja itateka ndoo pamoja nanyi. Wazee walisema mchimba kisima huingia mwenyewe.

Moto je? Mkebe wa dawa ya kupuliza, hata ukidhani ni mtupu, ukitiwa motoni hulipuka kama baruti. Plastiki ikichomwa katika moto mdogo wa nyuma ya nyumba hutoa moshi wenye sumu ziitwazo dioksini, ambazo huhusishwa na saratani. Chupa ya dawa ya wadudu ikichomwa hukurudishia dawa ile ile kwa njia ya pua. Anayesimama karibu na moto huo akiukoroga kwa kijiti aghalabu ni mtoto.

Lililobaki ni jaa. Mwaka 2007, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lilitangaza matokeo ya uchunguzi uliofanywa kandokando ya jaa la Dandora, Nairobi. Watoto 328 walipimwa. Nusu yao walipatikana na madini ya risasi katika damu kwa kiwango kilichohesabiwa wakati huo kuwa cha hatari. Risasi ni madini yanayodhoofisha akili ya mtoto, nayo hayana kiwango kinachojulikana kuwa salama. Watoto hao hawakuwa wamenunua betri wala rangi. Walikuwa wakiishi tu pale ambapo takataka za wengine hufika.

Kila kitu na njia yake

Turudi kwenye orodha yako, maana vitu hivi havitupwi kwa njia moja.

MAFUTA YA TAA ndiyo yanayowaumiza watoto wengi nchini, na kosa huanza na chupa. Mtoto akiona chupa ya soda huona soda. Kamwe usitie mafuta ya taa, Jik wala dawa yoyote katika chupa ya kinywaji. Yakibaki, usiyamwage. Mpe jirani anayeyatumia, yakiwa katika chombo kilichoandikwa.

DAWA ZA SHAMBA hazifai kulala nyumbani. Nunua kiasi cha kazi ya msimu mmoja. Dawa ikiisha, tia maji safi katika chupa, tikisa, umimine ndani ya bomba la kunyunyizia, ukanyunyizie shambani. Fanya hivyo mara tatu. Kisha toboa chupa ili asije mtu akaitia maziwa au chumvi, halafu uliulize duka la dawa za kilimo ulikonunua kama linakusanya chupa tupu. Kampuni za dawa hizi zina mipango ya kuzikusanya, nawe mteja ukiuliza kila mara, mwenye duka atalazimika kutafuta jibu. Dawa iliyopitwa na wakati ikingali ndani isimwagwe popote. Iache katika chombo chake chenye kibandiko, uifungie, umwone afisa wa kilimo.

VIDONGE VYA KUFUKIZA MAHINDI nivitaje peke yake, kwa sababu vimeangamiza watu usingizini. Vikikutana na unyevu hutoa gesi inayoua. Havihifadhiwi chumba cha kulala, wala gunia lililotiwa vidonge hivyo halilazwi katika nyumba wanamolala watu.

DAWA ZA HOSPITALI zilizobaki au kupitwa na wakati, zipeleke kwa mwenye duka la dawa au kituo cha afya na umwombe azipokee ziharibiwe pamoja na za kwao. Usimpe jirani mwenye dalili "kama zako". Anayejidunga sindano ya kisukari atie sindano zilizotumika katika mkebe mgumu wenye kifuniko, apeleke mkebe huo zahanati. Sindano katika mfuko wa takataka humngoja kijana wa mkokoteni, ambaye hana glavu.

KIPIMAJOTO cha kioo na zile taa ndefu za mirija vina zebaki. Dunia ilijifunza ubaya wa zebaki huko Minamata, Japani, ambako mwaka 1956 ugonjwa wa ajabu uligunduliwa. Watu walitetemeka, wakapoteza uwezo wa kusema, wakafa. Kiwanda kilikuwa kikimwaga zebaki baharini, samaki wakaila, watu wakala samaki. Tone la kipimajoto chako ni dogo mno ukililinganisha na lile balaa, lakini likimwagika usilifagie kwa ufagio wala usiwaruhusu watoto walichezee, ingawa linang'aa na kupendeza. Fungua madirisha, watoe watoto nje, likusanye kwa karatasi ngumu, ulitie katika chupa yenye kifuniko.

MAWE YA TOCHI NA REDIO tulio wakubwa tunayajua sana. Tuliyaanika juani ili yapate nguvu tena, na shule nyingi ziliyapasua, zikachukua unga mweusi na kuupaka ubao. Mwanafunzi unayesoma haya, usifanye hivyo. Unga ule una manganizi na chumvi za metali ambazo hazifai kuvutwa puani. Yatie yote katika mtungi mmoja wa plastiki, mahali pakavu. Zile betri ndogo bapa mfano wa kifungo, za saa na vifaa vya kuchezea, ni hatari zaidi. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, yaweza kumchoma kwa ndani katika muda wa saa mbili.

SIMU, redio na kompyuta mbovu zina dhahabu kidogo na sumu pia. Pana kituo Nairobi kiitwacho WEEE Centre, kilichozaliwa na shirika la Computers for Schools Kenya, ambacho hupokea vifaa vya namna hii na kuvivunjavunja kwa utaratibu. Nyaya zisichomwe ili kupata shaba.

MAFUTA MACHAFU YA INJINI wengi huyapaka nguzo ili mchwa wasizile. Wajua basi kwamba yana nguvu ya kuua mchwa, na ng'ombe anayejikuna kwenye nguzo hiyo huyapata pia. Yarudishe gereji yanakokusanywa kwa mapipa.

Betri ya gari na kisa cha Owino Uhuru

Nimeibakiza betri ya gari, ambayo siku hizi iko hata katika nyumba zisizo na gari, kwa ajili ya umeme wa jua. Hiyo ina asidi inayochoma ngozi na zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi. Haikosi mnunuzi. Wauzaji wengi wa betri hukupunguzia bei ukirudisha kuukuu, na wanunuzi wa vyuma chakavu huifuata hadi mlangoni. Kwa hivyo huenda ukadhani hapa hapana tabu. Nisikilize.

Owino Uhuru ni mtaa wa mabanda mjini Mombasa. Mwaka 2007 palianza kazi kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi. Moshi na maji machafu viliwafikia wakazi. Watoto wakaugua na wanawake wakalalamika kuharibikiwa mimba. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa kiwandani humo, alimpeleka mwanawe mchanga hospitali, ikapatikana kwamba ana risasi mwilini. Alikuwa akimnyonyesha. Mama huyo aliacha kazi, akaanza kupiga vita kiwanda hicho. Kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2015 akatuzwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikautupilia mbali uamuzi huo, lakini Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurejesha.

Sasa jiulize, betri zile zilitoka wapi? Zilitoka katika magari na nyumba kama zetu. Kila moja iliuzwa na mtu aliyepokea senti zake, akapangusa mikono, akasema nimeiondoa. Hakuitupa mtoni. Hakuitia chooni. Aliipeleka kwa mnunuzi, na bado ikafika kwenye maziwa ya mama.

Ndiyo maana, msomaji, haitoshi kuuliza "nipeleke wapi?" Lazima uulize pia "na wewe utaipeleka wapi?" Mnunuzi mwaminifu ana jibu. Mamlaka ya Kitaifa ya Mazingira, NEMA, hutoa leseni kwa wanaobeba na kushughulikia taka za hatari. Omba kuiona leseni. Hutakuwa umemtusi mtu.

Tufanyeje kama mtaa?

Kazi hii haiwezi kufanywa na nyumba moja moja. Nani atasafiri hadi Nairobi kwa ajili ya simu moja na mawe manne? Lakini nyumba 60 za mtaa mmoja, au familia za kanisa moja, au wanafunzi wa shule moja, wakikusanya pamoja, mzigo huwa na maana na mchukuzi huwa na sababu ya kuja.

Ujerumani wana utaratibu ambao haungetushinda. Gari maalumu huzunguka mitaani kwa siku zilizotangazwa, nalo husimama mahali panapojulikana. Watu huleta rangi, dawa na betri zao wakampa mtaalamu mkononi, nalo gari likaondoka. Hakuna kinacholala pale.

Nasi tukitaka kuwa na kituo chetu, tuanze na hatua ya mwisho. Kabla hamjapokea hata betri moja, ongeeni na ofisi ya NEMA ya kaunti, mwandikiane na mchukuzi mwenye leseni, mjue atakuja lini na atachukua nini. Vitu ambavyo hana ruhusa ya kuvichukua, msivipokee. Kituo kisicho na mchukuzi ni jaa lililopewa jina zuri.

Kisha tafuteni chumba chenye paa, sakafu ya simiti na kufuli, mbali na jiko, tangi la maji na darasa. Wekeni rafu, beseni za kuzuia mvujo na ndoo za mchanga. Betri zikae peke yake, dawa za shamba peke yake, za hospitali peke yake, zinazoshika moto peke yake. Kamwe msimimine vya chupa mbili katika chombo kimoja. Jik ikikutana na dawa ya choo yenye asidi hutoa gesi ya klorini, na watu huanguka. Awepo mtu mzima mmoja wa kupokea, mwenye glavu na daftari, na pawe na siku maalumu, kwa mfano Jumamosi moja kila muhula. Asiruhusiwe mtu kuacha mfuko mlangoni usiku.

Anayeleta na alete kitu katika chombo chake cha asili, kikiwa kimefungwa, kimesimama ndani ya ndoo. Matatu iliyojaa abiria na mboga za kutoka Gakoromone si mahali pa kubebea chupa inayovuja.

Gharama je? Katiba ya 2010 ilizipa kaunti kazi ya kuzoa taka na kuangalia majaa, na Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zitenganishwe na inawabebesha watengenezaji bidhaa sehemu ya mzigo. Kwa hivyo mkimwendea mwakilishi wa wadi yenu hamwombi hisani. Mwendeeni mkiwa na orodha zenu mkononi. Nyumba 60 zikionyesha orodha 60, hakuna atakayesema tatizo halipo.

Wapo watakaosema Mkenya habadiliki. Hao walisema hivyo hivyo kuhusu mifuko ya plastiki, na Agosti 2017 ilipopigwa marufuku, kina mama wakaingia sokoni na vikapu.

Hadi kituo kipatikane

Tenga sanduku moja lenye kifuniko, uliweke juu, penye kufuli, mahali pakavu na penye hewa, si chumba cha kulala. Mawe, taa na dawa kila kimoja kiwe na mfuko au mtungi wake. Andika majina. Punguza kununua: rangi ya kutosha chumba kimoja, dawa ya kutosha msimu mmoja, taa za LED ambazo hazina zebaki. Kitu ambacho hukukileta nyumbani hakitakutafutia jaa.

Na ajali ikitokea? Mtoto akinywa mafuta ya taa, usimtapishe. Yakipanda tena huingia mapafuni, na hapo ndipo yanapoua. Asidi na Jik vivyo hivyo, maana vitamchoma koo mara ya pili. Akimwagikiwa na dawa ya shamba, mvue nguo mara moja, umwoshe kwa maji mengi na sabuni. Akimeza betri ya kifungo, usingoje dalili. Kwa yote hayo mkimbize hospitali, na ubebe chupa au mkebe wenyewe ili daktari asome kilichokuwamo.

Karatasi uliyoandika, msomaji, usiitupe. Ibandike ndani ya mlango wa kabati. Jioni hii, watoto wakiwa mezani, isomeni pamoja, mweke alama kwa kila kitu ambacho hamjui kitakwenda wapi. Halafu kesho muulize mwenye duka aliyekuuzia. Atakapokujibu, usiondoke. Muulize tena: na wewe utaipeleka wapi?